Kusaini karatasi hakufuti matunzo ya mtoto

Imani hii imeenea Marekani miaka mingi, na baadhi ya ndugu zetu waishio huko wanaiamini: mzazi akichoka kudaiwa matunzo, aandike karatasi ya kujivua haki zake kwa mtoto, igongwe muhuri, deni liishe. Sivyo.

Mwenye uwezo wa kukata uhusiano wa kisheria kati ya mzazi na mtoto ni jaji, baada ya ombi kufunguliwa mahakamani. Jaji haangalii mzazi anataka nini. Anaangalia mtoto atafaidika nini. Matunzo ni haki ya mtoto, kwa hiyo ni nadra baba kuruhusiwa kujitoa ili tu asilipe. Mara nyingi huruhusiwa pale baba wa kambo anapokuwa tayari kumuasili mtoto. Hata hapo, malimbikizo ya nyuma kwa kawaida hayafutiki. Fomu ya kununua mtandaoni haisimamishi makato ya mshahara, na inasikitisha kwamba watu bado wanazilipia.

Serikali nayo haimpokonyi mzazi haki hizo kirahisi. Katika kesi ya Santosky dhidi ya Kramer, mwaka 1982, Mahakama ya Juu ilitaka ushahidi ulio wazi na wenye kushawishi. Lakini sheria ya 1997 inazitaka serikali za majimbo, isipokuwa kwa sababu maalumu, zifungue ombi la kumvua mzazi haki hizo mtoto akishakaa chini ya uangalizi wao miezi 15 kati ya 22 iliyopita. Ukipokea hati ya wito, fika mahakamani siku hiyohiyo iliyoandikwa na uombe wakili.