Saa ya Thamani Ikiingia Maji: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba saa iliyoingia maji ifukiwe kwenye mchele usiku kucha, na asubuhi itakuwa imekauka. Mchele hauyafikii maji hayo. Kioo, mfuniko wa nyuma na kitufe cha kutilia ufunguo vimezibwa kwa mipira, na mpira uliochakaa kiasi cha kupitisha maji bado huzuia mvuke usitoke. Usiku huo wa kungoja ndio kutu inaoupata kuanza kazi.

Wengine huona ukungu umetoweka kwenye kioo wakadhani saa imepona. Ukungu huonekana kioo kinapopoa. Saa ikipata joto la mkono, matone hugeuka mvuke tena ndani ya kasha lilelile, kisha hutua kwenye chuma. Kuipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele hudhuru zaidi, kwa kuwa joto huidhoofisha mipira na kuusukuma unyevu ndani ya mtambo.

Maji ya bahari yana hatari ya peke yake, nasi tunaoishi pwani hatuna budi kulielewa hilo. Maji yakikauka chumvi hubaki, huvuta unyevu wa hewa na kuendelea kula skrubu, ekseli za magurudumu madogo na sehemu nyingine za chuma cha pua na kisicho cha pua. Kwa hiyo saa ifutwe nje kwa kitambaa kikavu, isitiwe ufunguo, mishale isirekebishwe, vitufe vya kupimia muda visibonyezwe, na fundi aambiwe waziwazi kwamba maji yalikuwa ya chumvi, kwani itambidi aisuuze mashine kabla ya kuikausha.

Namba ya kina cha maji ambacho saa husemwa kuweza kukistahimili nayo hupotosha. Omega Speedmaster Professional imepewa mita 50, Rolex Submariner imepewa mita 300, lakini namba hizo hutokana na vipimo vya shinikizo kwa saa ambayo mipira yake ni mizima. Mipira huzeeka, na Submariner ambayo kitufe chake cha kutilia ufunguo hakikukazwa huweza kuingiza maji hata kwenye bwawa la kuogelea.

Kuhusu matengenezo ya haraka, watu huchanganya kazi mbili. Kuifungua saa na kuikausha kunaweza kufanyika siku hiyohiyo, na hapo ndipo haraka inapohitajika kwa dhati. Kuivunja mashine yote, kuiosha, kuipaka mafuta mapya, kubadilisha mipira na kurekebisha mwendo huchukua wiki kadhaa, na zaidi ikiwa vipuri vinatoka Uswisi. Anayeahidi kuyamaliza yote kwa muda wa saa moja atakuwa ameikausha tu.

Wapo wanaoogopa kupoteza dhamana, wakaisafirisha ikiwa na maji ndani hadi kituo cha kampuni ng'ambo. Hofu yao ina msingi, ndiyo maana kituo kipigiwe simu kwanza. Lakini binafsi ningechagua ifunguliwe leo na fundi saa mwenye vifaa, picha zipigwe na kila kipande kihifadhiwe, kuliko chumvi isafiri nayo siku kumi. Kazi ikikamilika, mwenye saa aombe aonyeshwe matokeo ya kipimo cha shinikizo kabla ya kulipa.