Mazingira ya Biashara ya Kimataifa: Somo Linaloanzia Busia

Neno mazingira limezoeleka sana katika habari za miti, mito na taka, hivi kwamba mwanafunzi anayelikuta kwa mara ya kwanza kwenye ratiba ya kitivo cha biashara hudhani amepelekwa idara nyingine. Ni afadhali alirudishe kwenye kitenzi chake, kuzingira. Mazingira ya biashara ya kimataifa ni yale yote yanayomzingira mfanyabiashara kutoka pande asizozitawala: sheria za nchi asiyoipigia kura, thamani ya sarafu asiyoichapisha, kanuni za afya zilizoandikwa katika mji ambao hajawahi kuufika, na mapatano ya marais waliokutana bila kumwuliza. Hayo ndiyo tunayofundisha, na makala haya nayaandika kwa ajili ya wanafunzi waliopata C+ na zaidi katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, wanaofikiria kulisoma somo hili, pamoja na wazazi wao ambao hutuuliza, kwa haki kabisa, lina faida gani kwa mtoto wa Kisumu, Kakamega au Busia, mji ulioko mpakani na Uganda, asiye na mpango wa kwenda ng'ambo.

Mtoto huyo tayari anaishi ndani ya somo lenyewe. Tarehe 5 Machi mwaka 2021, Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka isiyokaushwa vizuri. Malori yaliyokuwa njiani kutoka Uganda yakakwama mpakani yakiwa na mzigo ambao jana yake ulikuwa halali. Siku chache baadaye marufuku hiyo iliondolewa, lakini kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, shehena iwe na cheti cha uasili wa bidhaa, na iwepo hati ya kuthibitisha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 katika kila bilioni.

Tuutazame mkasa huo kwa utulivu, kwa maana ndani yake mna nusu ya muhula. Ushuru wa forodha haukubadilika hata kidogo. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulianza kutekelezwa mwaka 2005, na mahindi ya Uganda huingia Kenya bila ushuru huo. Kilichobadilika ni karatasi na maabara, na hivyo ndivyo vinavyoitwa vikwazo visivyo vya ushuru. Je, sababu ilikuwa afya ya mlaji, au ilikuwa kumlinda mkulima wa Trans Nzoia na Uasin Gishu dhidi ya mahindi ya bei nafuu? Mwanafunzi anayekimbilia jibu la pili kwa sababu linasikika la kijanja huwa namkumbusha kwamba mwaka 2004 watu 125 walifariki nchini Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, wengi wao katika sehemu za Ukambani. Anayekimbilia la kwanza namwuliza mwenye magunia kumi atalipiaje kipimo cha maabara sawasawa na mwenye trela tano, maana kanuni inaweza kuwa sawa kwa wote kwenye gazeti la serikali lakini isiwe sawa kwa wote kando ya barabara. Maswali yote mawili ni ya kweli, na kazi ya chuo ni kumfundisha kijana kuyabeba pamoja bila kulitupa moja.

Busia hiyo hiyo ndiko inakosemekana jina la boda boda lilikozaliwa, enzi za baiskeli zilizovusha abiria na mizigo kati ya mpaka mmoja na mwingine. Tangu mwaka 2018, kituo cha pamoja cha mpaka kilichofunguliwa rasmi hapo kimewaweka maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja, ili msafiri akaguliwe mara moja tu, upande anaoingilia. Kwa mfanyabiashara mdogo, hata hivyo, naona jambo kubwa zaidi ni utaratibu uliorahisishwa wa biashara: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti kifupi kinachojazwa mpakani. Bado wapo wanaopitia njia za panya wakikwepa ushuru ambao hawakudaiwa. Hilo ni tatizo la taarifa kabla halijawa tatizo la maadili, na linastahili utafiti zaidi ya mahubiri.

Vitabu vingi vya kiada hulianza somo kwa orodha ya siasa, uchumi, jamii, teknolojia, sheria na mazingira asilia, uchambuzi ambao chimbuko lake ni kazi za Francis Aguilar wa Harvard mwaka 1967. Sina ugomvi na orodha hiyo. Nina ugomvi na mwanafunzi anayechora visanduku sita, akaweka sentensi mbili katika kila kimoja, kisha akadhani amechambua, kwa sababu sharti moja linaweza kukaa katika visanduku vinne kwa wakati mmoja, na uchambuzi huanza pale anapoonyesha jinsi kimoja kinavyokisukuma kingine.

Chukua shilingi yetu. Mwaka 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 kwa hati fungani, yaani hati ya deni inayouzwa kwa wawekezaji, iliyopaswa kulipwa Juni 2024. Kadiri tarehe ilivyokaribia, wawekezaji walianza kuwa na shaka kama italipwa, na Januari 2024 dola moja ikapita shilingi 160. Februari serikali ikakopa upya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu ya deni lile la zamani, hofu ikapungua, na kufikia Aprili dola ilikuwa karibu na shilingi 130. Sasa mfikirie mwenye duka la vipuri mjini Kisumu aliyelipia mzigo wa dola 5,000 kutoka Dubai mwezi Januari: ulimgharimu shilingi 800,000. Jirani yake aliyesubiri hadi Aprili alilipa takriban 650,000 kwa mzigo ule ule, na anaweza kuuza kwa bei ambayo wa kwanza hawezi kuifuata bila hasara. Wala si kwamba wa kwanza alifanya uzembe dukani mwake. Alizingirwa na deni alilolisoma gazetini bila kujua kwamba linamhusu.

Ziwani nako kuna historia ambayo wavuvi wazee hawajaisahau. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, kwanza kwa hofu ya kipindupindu na vijidudu, kisha mwaka 1999 kufuatia ripoti za uvuvi wa kutumia sumu. Minofu ya sangara ilikosa soko ghafla, na tangu hapo usafi wa fukwe, barafu na maabara vikawa sehemu ya bei ya samaki. Kwenye mitumba mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo wake, na mwaka 2018 nguo za Rwanda zikapoteza nafuu ya kuingia Marekani bila ushuru. Mwuza mitumba wa soko la Kibuye mjini Kisumu aliendelea kufungua marobota yake kama kawaida, pengine bila kujua jinsi riziki yake ilivyojadiliwa Washington.

Anayetaka kulisoma somo hili vizuri ajizoeze hesabu za asilimia na za kubadilisha sarafu hadi zisimtishe, na asome sheria na itifaki zenyewe badala ya muhtasari wake. Lugha pia ni mtaji. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, na mizigo ya Goma na Bukavu huandikiwa nyaraka kwa Kifaransa lakini huuzwa kwa Kiswahili, jambo linalompa mwanafunzi wa hapa nafasi ambayo wengi huidharau.

Darasa langu huenda Busia kila muhula kwa matatu ya alfajiri kutoka Kisumu. Kila mwanafunzi huchagua bidhaa moja tu, mayai, ndizi, saruji au mahindi, kisha huandika ni karatasi ngapi zilizoifikisha hapo, nani alizitoa, na ipi kati yake ikikosekana mzigo haupiti. Simu tunaziweka mifukoni, kwa kuwa maafisa hawapendi kupigwa picha wakiwa kazini. Daftari na kalamu vinatosha.