Kabla hujaweka saini

Simu yangu iliita usiku wa saa nne. Mama mmoja wa hapa Morogoro analia: mwanawe, dereva wa bodaboda, amekamatwa tangu mchana na sasa yuko selo. Nikamuuliza swali ambalo siku hizi ndilo ninaloanza nalo, "Mama, ameshasaini chochote?"

"Ndiyo mwanangu. Wamemwambia akisaini atatoka."

Hakutoka. Alichosaini kilikuwa maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa yanayoandikwa polisi baada ya kuonywa, kurasa tatu za mwandiko wa mkono, na kwenye ukurasa wa pili palikuwa na sentensi inayosema alijua simu aliyoinunua ni ya wizi. Mwenyewe anakumbuka alisema bei ilimshangaza kwa jinsi ilivyokuwa ndogo. Kushangaa bei si kujua wizi, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua mtu alale kwake au gerezani.

Nimefanya uwakili kwa miaka mingi kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Dodoma. Wateja wangu ni madereva wa malori, wa mabasi, vijana wa bodaboda, na wafanyabiashara wadogo waliojikuta kituoni bila kutarajia. Kesi zao nyingi zilianza kuharibika kabla hazijafika kwa hakimu. Ziliharibikia kituoni, mezani, pale mtu alipoonyeshwa nafasi ya kuweka saini au dole gumba.

Karatasi ya trafiki ndiyo nyepesi kuliko zote. Umepigwa tochi, kile kifaa cha kupima mwendo, kwenye kibao cha 50, afande anakuonyesha picha, anakuandikia. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamruhusu kukuandikia faini badala ya kukufikisha mahakamani: 30,000 kwa kosa kama una gari, na tangu bajeti ya 2021, 10,000 kwa bodaboda na bajaji. Ukilipa umekubali kosa. Ukiona hukutenda, unaweza kukataa na kuomba jambo liende kwa hakimu, na kufanya hivyo si kumkaidi askari. Ushauri wangu wa kweli ni huu: kama tochi imekupata sawasawa, lipa uendelee na safari. Kataa pale penye hoja, mathalani namba ya gari kwenye picha si yako. Na pesa inalipwa kwa kontrol namba, yaani namba ya malipo ya serikali. Haiwekwi mkononi mwa mtu wala ndani ya leseni.

Ajali ni jambo jingine kabisa, na hapa naomba dereva anisome taratibu. Ukigonga mtu au gari, simama, saidia aliyeumia, toa taarifa polisi. Ukiona watu wanakusanyika kwa hasira, nenda moja kwa moja kituo cha karibu ujisalimishe, na useme kwamba umekuja kuripoti. Kisha atakuja askari kupima na kuchora ramani ya ajali. Madereva wengi wakati huo wako kwenye simu na bosi wao. Mimi nasema acha simu, simama karibu na huyo askari, angalia anachora nini. Kwenye ramani hiyo kuna herufi, na kila herufi ina maana yake pembeni: hii ni gari lilikotoka, hii ni pikipiki, hii ni sehemu ya kugongana. Sehemu ya kugongana ikiwekwa hatua mbili upande wa pili wa mstari wa katikati, wewe ndiye uliyehama njia. Nimewahi kusimamia kesi ya dereva wa lori aliyegongwa akiwa upande wake, na ramani ikamweka upande wa mwenzake. Alikuwa ameisaini bila kuiangalia. Tulihangaika miezi na picha za vioo vilivyomwagika barabarani, zilizopigwa na utingo wake kwa simu, mpaka mahakama ikaelewa. Bila utingo yule sijui ningesimama na nini. Kwa hiyo piga picha: matairi, vioo, alama za breki, na barabara yote kwa upana.

Sasa turudi kwa kijana wa simu.

Mtu anayenunua simu iliyotumika bila risiti anadhani hatari pekee ni kupoteza hela yake. Chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa kamili, na kukutwa na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi bila kueleza ulivyoipata nalo ni kosa. Kuna linalotisha zaidi. Kama simu hiyo iliporwa kwa panga juzi na leo iko mfukoni mwako, mahakama inaweza kukuhesabu kuwa wewe ndiye mporaji, usipokuwa na maelezo ya kuaminika. Unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake haipungui miaka 30, na hauna dhamana. Ukinunua simu, andikishianeni, muuzaji aweke jina na nakala ya kitambulisho, na awepo shahidi. Dakika kumi tu.

Polisi wakikupekua na kuchukua kitu, kunatakiwa kuandikwa hati ya vilivyochukuliwa. Hesabu vilivyoandikwa, linganisha na vilivyo mezani, halafu usaini, na mashahidi wasaini mbele yako. Mstari mtupu uliobaki chini, omba upigwe kalamu.

Ndipo yanakuja maelezo ya onyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka uambiwe kosa unalotuhumiwa, uambiwe kwamba hulazimiki kusema chochote, na kwamba utakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa kukuhoji ni wa saa nne tangu uwekwe chini ya ulinzi, na ukiongezwa uwe umeongezwa kwa utaratibu wa sheria. Wakimaliza kuandika, una haki ya kusoma au kusomewa, kurekebisha, kuongeza, na ndipo kusaini. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama zetu, kwa hiyo hakuna sababu ya kusaini kitu usichokielewa. Sema kwa adabu, "Afande, naomba nisome." Ukikuta neno ambalo si lako, sema hilo si langu. Wakikataa kulibadilisha, usisaini, na jambo hilo mwambie hakimu siku ya kwanza kabisa utakayosimama mbele yake, usingoje ushahidi uanze. Maelezo yaliyopatikana kwa kipigo, vitisho au ahadi yanaweza kukataliwa na mahakama, lakini lazima upinge pale yanapotaka kupokelewa. Ukinyamaza yanaingia.

Kuhusu dhamana watu wanauliza sana. Kwa makosa mengi ni haki yako, na haiuzwi. Ukikamatwa bila hati ya kukamata na kosa si zito, na haiwezekani kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa akuachie kwa dhamana. Mauaji, uhaini, ugaidi, utakatishaji fedha na unyang'anyi wa silaha ni kati ya makosa ambayo sheria imeyanyima dhamana, na hapo familia isikubali kutoa shilingi kwa mtu anayeahidi kulimaliza.

Siku ya mahakama, kijana wetu alikuwa ameshauriwa na wenzake mahabusu kwamba akikiri atapewa adhabu ndogo. Nilimkuta kwenye benchi nikamwambia: ukikiri, utasomewa maelezo ya kosa, ukisema ni kweli umetiwa hatiani, na kwa kawaida rufaa yako itabaki kwenye adhabu tu. Jibu lenye "lakini" ndani yake si kukiri. Dereva akisema "ni kweli nilimgonga, lakini alikatiza ghafla," hakimu anatakiwa aandike kwamba amekana. Sema kilichotokea, basi.

Aliposomewa shtaka alisema, "Si kweli, mheshimiwa. Niliinunua, sikujua."

Dhamana ikawa wazi: wadhamini wawili wenye barua ya mtendaji wa mtaa na vitambulisho. Mama yake alikuwa mmoja wao. Karani akamsogezea fomu na kumwonyesha kwa kalamu pa kusaini. Mama akaichukua, akanigeukia akasema, "Nisomee kwanza, mwanangu." Nikamsomea yote, pamoja na kiasi cha fedha atakachodaiwa mwanawe akitoroka. Akauliza maswali mawili, yote ya maana, halafu akasaini.