Saratani ya binadamu ndani ya panya

Wagonjwa na ndugu zao hutuonyesha habari walizotumiwa kwenye simu: dawa fulani imemaliza saratani kwa panya, mbona hapa haipo? Swali hilo ni la haki kabisa, na jibu lake linaanzia kwa panya mwenyewe, ambaye mara nyingi hupandikizwa saratani ya binadamu ili dawa ijaribiwe kwake.

Mwili hukataa nyama ya mnyama wa aina nyingine. Mpandikize panya wa kawaida kipande cha uvimbe wa binadamu, kinga yake itakishambulia mpaka kife. Katika miaka ya 1940 Harry Greene wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alikwepa kikwazo hicho kwa kupandikiza uvimbe ndani ya jicho la simbilisi, sehemu ambayo kinga huifikia kwa shida.

Ufumbuzi mkubwa ulitoka kwa panya wasio na manyoya, waliogunduliwa katika hospitali ya Ruchill, Glasgow, mwaka 1962. Kasoro ya jeni moja tu imewanyima manyoya na pia thaimasi, tezi ya kifuani ambamo chembe T za kinga hukomaa. Bila chembe hizo, panya hatambui kwamba amewekewa kitu kigeni. Mwaka 1969, Jørgen Rygaard na Carl Povlsen wa Copenhagen waliwapandikiza panya hao saratani ya utumbo mpana ya mgonjwa, nayo ikaota.

Siku hizi kipande chenye upana wa milimita chache, kilichotoka chumba cha upasuaji, huwekwa chini ya ngozi ya ubavu. Baada ya wiki kadhaa, pengine miezi, kinavimba. Hukatwa na kugawiwa panya wengine. Kundi moja hupewa dawa, jingine halipewi, na upana wa uvimbe hupimwa kwa kifaa cha kubana hadi ijulikane kama unasinyaa. Vipande vingine havishiki kabisa, na mgonjwa mwenye saratani kali hawezi kusubiri majibu ya miezi.

Lakini kasoro ninayoiona nzito zaidi ni hii: panya huyu amechaguliwa kwa sababu hana kinga kamili, ilhali mgonjwa wetu anayo. Dawa zinazoamsha kinga ipigane na saratani haziwezi kupimwa kwake. Kwa hiyo watafiti humpandikiza kwanza chembe mama za damu ya binadamu, yaani zile zinazozaa chembe nyingine za damu, ili apate kinga inayokaribia yetu. Hata hivyo, mishipa inayolisha uvimbe inabaki ya panya. Dawa nyingi zilizofaulu hapo zimeshindwa baadaye kwa binadamu.

Ukiombwa kutoa sehemu ya uvimbe wako kwa utafiti, uliza itatumikaje na nani ataona jina lako. Vipimo vya ugonjwa wako ndivyo vinavyotangulia. Utafiti hupewa kinachobaki. Una haki ya kukataa, na matibabu yako yataendelea vilevile.