Kisanduku Kimoja Zaidi Kina Gharama Yake

Katika kazi yangu ya kubuni violesura vya programu za kompyuta, yaani sehemu zake anazoziona na kuzigusa mtumiaji, ombi ninalolipata mara nyingi kuliko yote ni la kuongeza kisanduku kimoja tu cha kutia alama kwenye dirisha la mipangilio, na anayeomba hushangaa ninapomwambia kuwa anaomba kitu ghali. Visanduku kumi vya kuwasha na kuzima huzaa hali 1,024 tofauti ambazo programu inaweza kujikuta nazo. Ishirini huzaa zaidi ya milioni moja. Hakuna timu inayoweza kuzijaribu zote, na hitilafu hupenda kujificha katika mchanganyiko ambao hakuna aliyeufikiria.

Hoja hiyo ilielezwa vizuri mwaka 2002 na Havoc Pennington wa mradi wa GNOME, ambao hutengeneza mazingira ya eneo-kazi (madirisha, menyu na aikoni) yanayotumika sana kwenye mfumo endeshi wa Linux. Katika toleo la kwanza la Nautilus, programu ya mradi huo ya kusimamia mafaili, mtumiaji alitakiwa kuchagua daraja lake: anayeanza, wa kati au mzoefu. Kwa maoni yangu mpango ule ulikuwa na kasoro tangu msingi, kwa kuwa hakuna aliye mzoefu wa kila kitu: mhasibu anayejua kila kona ya majedwali yake huenda hajawahi kugusa mipangilio ya mtandao, na, tuseme kweli, ni nani apendaye kujiandikisha mwenyewe kuwa mwanagenzi? Katika GNOME 2 madaraja hayo yaliondolewa, mipangilio inayoonekana ikapunguzwa sana, na mingi kati ya ile isiyoonekana ikabaki katika hazina ya ndani iliyoitwa GConf, ambayo aliyejua njia aliweza kuihariri.

Kisha likaja toleo la 2.6, mwaka 2004, na mtindo mpya ambao kila folda ilifunguka katika dirisha lake, hata aliyezama ndani ya folda sita akajikuta na madirisha sita mbele yake. Namna ya kurudia mtindo wa dirisha moja ilikuwepo, lakini ndani ya GConf. Swichi hiyo baadaye ililetwa mbele, kwenye dirisha la mapendeleo, na toleo la 2.30 la mwaka 2010 likaufanya mtindo wa dirisha moja kuwa chaguo-msingi, yaani unaotumika mtu asipochagua kitu. Kisa hiki hunivutia kwa sababu kinaonyesha kuwa mahali pa kuficha mipangilio si ghala la kuwanyamazishia wasumbufu: watu wengi wanapoifuata swichi ileile iliyofichwa, basi aliyekosea ni mbunifu aliyechagua chaguo-msingi, na kazi yake ni kulirekebisha badala ya kuwaelekeza watu uvunguni.

Kivinjari cha Firefox kilifuata njia kama hiyo mwaka 2013, kilipoondoa katika toleo la 23 kisanduku cha kuzima JavaScript, lugha ya programu inayoendesha sehemu nyingi za kurasa za wavuti. Aliyekigusa kwa bahati mbaya aliona tovuti nyingi zikiharibika, akakilaumu kivinjari. Uwezo wenyewe haukufutwa. Uliachwa kwenye ukurasa wa about:config, unaofunguliwa kwa kuandika jina hilo kwenye upau wa anwani. Ninausifu ukurasa ule kwa mambo madogo: una sehemu ya kutafutia, kilichobadilishwa huonekana kwa herufi nzito, na kila kimoja kinaweza kurudishwa kilivyokuwa. VLC, programu ya kuchezea video na muziki, nayo huweka chaguo chini ya dirisha la mapendeleo, ambapo mtu huamua kuona mipangilio michache au yote, bila kuulizwa yeye ni nani.

Katika programu ninazozisimamia, kila mpangilio wa ndani hupewa jina linalosomeka, sentensi moja ya maelezo na thamani yake ya awali. Mtumiaji anapotuma taarifa ya hitilafu, huombwa ruhusa ya kuambatisha orodha ya alivyovibadilisha, kwani niliwahi kumaliza siku mbili nikisaka kosa katika msimbo uliokuwa mzima, kumbe mwenye kompyuta alikuwa amezima hifadhi ya muda miezi mingi kabla na kusahau.