Kuyeyusha Feleji Bila Kupoteza Kilichomo

Wiki iliyopita nililetewa kipande cha shafti ya winchi iliyovunjika bandarini Kilindini, pamoja na swali ambalo hadubini peke yake hailijibu sawasawa: ndani ya feleji ile mna chembe gani zisizo za metali, nazo zina umbo gani? Ukikata sampuli na kuing'arisha, unachokiona ni sura ya mkato tu. Alumina, inayozaliwa pale alumini inapotiwa katika feleji iliyoyeyuka ili kuondoa oksijeni, huonekana kama vidoa vilivyotawanyika, ilhali mara nyingi vidoa hivyo ni ncha za kishada kimoja chenye matawi mfano wa matumbawe. Ili kukiona kizima, sharti metali inayokizunguka iyeyushwe, kisha mabaki yachujwe.

Shida ni kiyeyushi. Asidi ya haidrokloriki ya moto, nusu kwa nusu na maji, hufanya kazi upesi na alumina huihimili. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliitumia kwa kila sampuli, hadi siku kichujio kiliponionyesha alumina tupu, hali mkato wa sampuli ile ile ulikuwa umejaa michirizi ya kijivu ya salfaidi ya manganizi, yaani manganizi iliyoungana na salfa. Jibu lilikuwa limenipita puani: uvundo wa mayai viza uliotoka kwenye bika ulikuwa ni salfaidi zenyewe zikigeuka gesi ya haidrojeni salfaidi. (Gesi hiyo ni sumu, kazi hii haifanywi nje ya kabati la kufyonza hewa.) Aluminati za kalsiamu, yaani chembe za alumina iliyoungana na oksidi ya kalsiamu, nazo huliwa na asidi.

Tangu hapo, sampuli nisiyoijua naianza kwa umeme. Kipande chenyewe huwa anodi, yaani ncha chanya ya umeme, ndani ya methanoli yenye asetilasetoni asilimia 10 na kloridi ya tetramethiliamonia asilimia 1; chuma huyeyuka polepole, kimiminika kikageuka rangi ya ukwaju, na salfaidi husalimika. Kasoro zake ni mbili. Kwanza, kabaidi za chuma, yaani chuma kilichoungana na kaboni, nazo hubaki na kufunika kichujio kama masizi, ingawa sumaku huziondoa kwa kiasi. Pili, huyeyuka sehemu ndogo tu ya gramu, kwa hiyo chembe kubwa zilizo adimu, ambazo ndizo huanzisha nyufa, zaweza kukosekana kabisa. Ndiyo maana shafti hii nimeikata vipande viwili: kidogo kwa umeme, na kikubwa, cha kutafutia alumina peke yake, kwa asidi.