Kuharisha baada ya kumeza dawa si aleji

"Mimi nina aleji na penisilini." Ukimuuliza anayesema hivyo ilianzaje, mara nyingi utasikia: nilimeza amoksilini (antibayotiki ya jamii ya penisilini), nikaharisha siku tatu. Hayo ni maudhi ya dawa, si aleji. Antibayotiki haichagui, pamoja na vimelea vya ugonjwa huua pia bakteria wema wa utumbo, ndipo tumbo linavurugika. Inaudhi kweli, na mgonjwa hadanganyi. Ila kinga ya mwili haihusiki.

Aleji ni kinga kuishambulia dawa kana kwamba ni adui. Dalili zake ni nyingine: vipele vinavyovimba na kuwasha, midomo au uso kuvimba, kupumua kwa shida, mara nyingi ndani ya saa moja. Hapo usisubiri, kimbilia hospitali.

Nchini Marekani, takriban mtu 1 kati ya 10 ameandikiwa kwenye faili kuwa ana aleji ya penisilini. Wakipimwa, zaidi ya 9 kati ya 10 wao hukutwa hawana. Hata wenye aleji ya kweli, wengi huipoteza baada ya miaka 10.

Kosa hilo la faili lina gharama: unapewa antibayotiki nyingine, pengine kali zaidi au isiyofaa sana kwa ugonjwa wako. Kwa hiyo daktari akikuuliza, usiseme "aleji" tu. Mweleze ulichohisi, muda gani baada ya kumeza, na kiliishaje. Wala usijijaribu mwenyewe nyumbani. Kipimo hufanywa mbele ya mtaalamu.